Sauti Mbili za Mtoto wa Katuni

Mara ya kwanza nilipomwona yule mtoto wa katuni akizaliwa, nilipiga ukelele mpaka jirani akaja mbio na mwiko mkononi. Mtoto katoka mzima, mashavu yamejaa, macho makavu yanatazama dari, na halii. Hata chafya hakupiga. Mimi nimepokea watoto Ujiji hii tangu kichwa changu hakijaota mvi hata moja, na mtoto asiyelia najua cha kumfanya.

"Mgeuze!" nilimwambia yule mwanamke wa kwenye kioo cha kompyuta. "Mgeuze, mfute pua, msugue mgongo! Umekaa tu unamchekea!"

Mjukuu wangu akasimamisha picha. Alikuwa anacheka mpaka machozi.

"Bibi, mtoto haumwi. Halii kwa sababu ndani yake ni mtu mzima."

"Mtu mzima yupi?"

"Yule aliyekufa mwanzo. Amezaliwa upya, dunia nyingine, na akili zake za zamani anazo zote."

"Mwenye akili zake zote akijikuta uchi mikononi mwa watu asiowajua, si ndiyo angelia zaidi?"

Jirani akasema kweli bibi, akaketi, na mboga zake zikaungua huko kwake.

Huyu mjukuu ni wa binti yangu mkubwa. Alipomaliza kidato cha nne alikuja kukaa kwangu, na mpaka leo yupo, namwita mke mwenzangu na yeye ananiita hivyohivyo tukitaniana. Mungu alimpa koo. Akiiga muuza maji, utatoka na ndoo. Akiniiga mimi, paka anakimbia. Pale Kibirizi tunapoanika dagaa, wanawake walikuwa wakimwona tu anashuka kwenye bajaji wanaanza: "Haya, tuigizie bibi yako anavyogombana na mchuuzi!" Na yeye anaigiza, mbele yangu, bila aibu.

Hizo katuni za Kijapani yeye anaziita anime. Kaniambia ziko nyingi za mtu kufa na kuzaliwa upya nchi ya wachawi na majoka, na nyingine kanionyesha. Nilizikataa. Mtu anakufa asubuhi, jioni ni mfalme, ana upanga unaowaka na joka la kupanda, na wanawake saba wanampigania. Nikamwambia mjukuu wangu, huyo hakui, huyo anavimba. Lakini hii ya mtoto asiyelia ilinikamata.

Mwenyewe katika uhai wa kwanza alikuwa mkaguzi wa mizani sokoni. Mwanamume wa makamo, msafi, kiburi kimemjaa, hamwamini mtu. Akala chakula chake peke yake, mwiba wa samaki ukamkaba, na kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumpiga mgongoni, akafa. Akazaliwa kwa mwanamke mchemsha chumvi, pembeni ya msitu, mjane asiyejua hata herufi moja. Mtoto ana miaka miwili anasoma. Ana miaka minne anatoa moto vidoleni. Na moyoni anamdharau mama yake kama mtu anavyodharau ndala iliyokatika. Hamwiti mama. Anamwita yule mwanamke. "Yule mwanamke kaleta uji tena." "Yule mwanamke hajui hata kuhesabu magunia yake." Mimi niliyeishia darasa la tatu nilikuwa nakaa mbele ya ile kompyuta nimekunja ngumi.

Sasa, mtaa wa pili kutoka kwangu kuna kibanda cha video. Mabati, mabenchi, kioo kikubwa, spika mbili zenye sauti ya kupasua kifua. Mwenye kibanda nilimpokea mimi, alitanguliza miguu, na mpaka leo akifika mlangoni anasita kwanza kama anafikiria. Hapo huonyeshwa mpira na picha za nje zilizotafsiriwa. Asiyejua kazi hiyo nimweleze: mtafsiri anakaa na maiki, mtu mmoja, anawasemea wote Kiswahili, jambazi, polisi, bibi harusi, mtoto mchanga, na anatia na utani wake katikati. Akinyamaza kidogo, watu wanapiga kelele "Sauti!" wakidhani spika zimekufa. Wote waliowahi kusikika kibandani pale walikuwa wanaume, na picha zote zilikuwa za bunduki.

Mjukuu wangu akaenda kumwomba yule bwana amruhusu atafsiri katuni yake hapo hapo, watu wakiwa wamekaa. Mimi nilikuwepo.

"Shikamoo bibi," bwana akanisalimia mimi, bila kumtazama mjukuu wangu. "Huyu mjukuu wako anataka kuniharibia kibanda. Sauti ya kike? Vijana wangu wamezoea wanaume wanaounguruma."

"Nitaunguruma," mjukuu wangu akasema, na akaunguruma. Bwana akaruka kwenye kiti.

Wakakubaliana. Jumapili moja, baada ya sala ya alasiri, sehemu tano za kwanza kwa mpigo mmoja. Watu wakikaa mpaka mwisho, Jumapili zote ni zake. Wakitoka, asije tena kumsumbua. Kufika nyumbani akanishika mkono, viganja vimemlowa. "Bibi, hii ndiyo kazi ninayoitaka. Siijui nyingine." Nikamwona alivyokuwa hana utani.

Na hapo ndipo mimi nikaingiza mdomo.

Alikuwa anafanya mazoezi sebuleni. Akafika pale mtoto anaposema moyoni, yule mwanamke kaleta uji tena. Nikapiga meza.

"Hilo neno halitoki kinywani mwako Ujiji hii."

"Bibi, ndivyo alivyo. Hampendi bado."

"Asimpende, lakini amwite mama. Utakaa na maiki mbele ya watu wazima, mtoto wa kike unayekaa kwangu, uite mzazi 'yule mwanamke'? Watasema bibi yake alimfundisha nini?"

"Anabadilika baadaye."

"Baadaye lini?"

"Sehemu ya tano."

"Sehemu ya tano mimi nitakuwa nimeshazikwa kwa aibu. Mwite mama."

Halafu nikaongeza na jingine, maana nikianza sikomi. Kulikuwa na kipande kirefu cha uji: mwanamke anampoza mtoto uji, mtoto anageuza shingo, mwanamke anaimba, mtoto anageuza shingo upande wa pili, kijiko kinamfuata. Nikasema kiondoe. Vijana wa kibandani wanataka moto na majoka, nani alipe kiingilio kutazama uji? Yeye alikipenda kipande kile. Lakini ni mtoto wa adabu. Akaondoa uji, akamwita mama, akanyoosha kila palipopinda.

Jumapili ikafika. Kibanda kilijaa, maana habari ya msichana mwenye maiki ilikuwa imezunguka. Nilivaa kanga mpya, nikakaa benchi la nyuma. Sehemu ya kwanza walicheka. Mwiba wa samaki uliwaua mbavu, mtu wa Kigoma umwambie kuna mwanamume mzima kafa kwa mwiba! Sehemu ya pili wakanyamaza vizuri. Sehemu ya tatu nikaona mmoja kainuka, nikadhani anakwenda haja. Hakurudi. Wakafuata wawili. Mwanamke mmoja muuza mihogo aliyekaa mbele yangu akapiga miayo, akamwambia mwenzake bila kupunguza sauti:

"Shoga, huyu mtoto ni mzuri tangu alipozaliwa. Anampenda mama yake, anasoma, moto anao. Sasa tunamngojea afanye nini?"

"Labda atakufa tena," mwenzake akasema.

Sehemu ya tano ilipofika, pale ambapo mtoto anamwita mama, na mjukuu wangu akalitoa lile neno kwa sauti ambayo mimi peke yangu nilijua imemgharimu nini, hakuna aliyegeuza hata shingo. Wangegeuza kwa lipi? Walikuwa wamelisikia mara hamsini. Mabenchi matatu yalikuwa matupu. Mtu akauliza kama mpira umeanza.

Mjukuu wangu alizima maiki, akaikunja waya yake taratibu, akamshukuru yule bwana kwa nafasi. Hakunitazama kwa ubaya. Laiti angenitazama kwa ubaya! Nyumbani alipika, akapakua, akaosha vyombo, akasema, "Bibi, kesho nitakuja Kibirizi kugeuza dagaa, naona mna mzigo mkubwa." Kwa sauti yake ya kawaida. Hakuiga mtu.

Asubuhi ile pale mwaloni Kibirizi nilikuwa natandaza dagaa huku namtazama ameinamia chanja ya pili ya kuanikia, na ikanijia habari ya mama mkwe wangu.

Mimi si mtu wa Ujiji. Ni Muha wa Kalinzi, nimekulia kwenye kahawa na baridi, ziwa nikiliona kwa mbali kama bati. Niliolewa huku nikiwa msichana, nikakuta watu wa mjini, wanavaa kanga za kunukia, wananicheka Kiswahili changu. Mama mkwe aliniona napara samaki, akaita wanawake wenzake: "Njooni mwone, anamenya samaki kama ndizi!" Nikacheka nao. Nikamwambia, "Nifundishe, mama." Shikamoo mama, karibu mama, nikusaidie mama. Mdomoni. Moyoni nilimwita yule mwanamke. Yule mwanamke kaamka. Yule mwanamke kaonja mchuzi wangu kakunja uso. Miaka miwili mizima, na hakuna aliyejua, kwa sababu adabu yangu haikuwa na doa.

Halafu nikajifungua mtoto wangu wa kwanza, na katika zile siku arobaini titi likavimba likawa jiwe, homa imenipanda, sijitambui. Yeye ndiye aliyekaa. Kitambaa cha moto, anakanda. Kikipoa anachovya tena, anakanda. Viganja vyake vilikuwa vyekundu kwa yale maji. Nilikuwa natazama viganja vile, nikasikia moyo wangu unasema, mama kachoka. Nilishtuka mimi mwenyewe. Hakuna aliyesikia kitu. Ukubwa wangu wote, na ukunga alionifundisha baadaye, ulianzia hapo, wala si siku ya harusi.

Niliacha dagaa nikaenda kwenye chanja ya pili.

"We mke mwenzangu. Nilikupoteza mimi."

"Hapana, bibi."

"Usinibishie nikikiri, sikiri mara mbili. Yule mtoto muwekee sauti mbili. Ya mdomoni ina adabu, mama, mama. Ya moyoni inamwita yule mwanamke, kwa dharau, kama kawaida yake. Watu wazisikie zote mbili. Hapo hujamvunjia mtu heshima, maana kila mwanamke aliyeolewa mji huu anajua hizo sauti mbili."

Akanitazama. Mikono yake imejaa magamba.

"Na uji?"

"Urudishe uji. Wote. Nilisema upuuzi."

"Kwa hiyo bibi, wewe ulikuwa na sauti mbili?"

"Geuza dagaa."

Yule bwana wa kibanda hakutaka kusikia. "Ileile tena? Bibi, watu wameshaiona, wamepiga miayo mpaka nikaona vidakatonge vyao." Nikamwambia mimi nilimwona yeye nyayo zake kabla ya uso, sikumkatia tamaa, nikamsubiri mpaka kichwa kikatoka. Mteja mmoja akaangua kicheko. Bwana akasema basi, Jumapili moja ya mwisho, na asisikie tena habari za nyayo zake.

Vijana wengi hawakurudi, nisiseme uongo. Lakini niliwaambia wanawake wa Kibirizi, nao wakaja, bajaji tatu, wananuka dagaa na mafuta ya nazi. Wengi hawakuwahi kukanyaga kibanda cha video. Walijua ni mahali pa wavulana na makelele. Na mtu asidhani walikaa kwa kunihurumia. Wanawake wale hawana huruma ya hivyo. Mchuuzi akiwachosha wanamwambia anachosha na aondoke.

Mjukuu wangu akawasha maiki. Mkaguzi akafa kwa mwiba wake. Mtoto akazaliwa, halii, na mabenchi mawili yakapiga kelele kama nilivyopiga mimi, mgeuze, mfute pua! Halafu kwa mara ya kwanza ikaingia ile sauti ya moyoni, nzito kidogo, ya puani, ya mtu anayejiona: "Huyu ndiye nitakayelelewa naye? Yule mwanamke ana masizi mpaka kwenye nyusi."

"Heee!" kibanda kizima.

Ukaja uji. Mdomoni, kisauti cha kitoto: "Asante mama, nimeshiba." Moyoni: "Yule mwanamke anadhani mimi ni kuku." Kijiko kinamfuata huku, kinamfuata kule, na mjukuu wangu hakuharakisha, aliacha kila kijiko kifike. Mwanamke mmoja mnene, jirani yangu wa chanja, alisimama.

"Mlishe kwa nguvu! Mbane pua huyo!"

"Kaa chini, dada, tunaona mgongo tu!"

"Mimi wangu wa tatu alikuwa hivihivi! Nyoko mtupu!"

Kila mmoja akawa na mtoto wake wa uji. Vijana wachache waliokuwemo wakawa wanacheka wanawake kuliko katuni, kisha nao wakakamatwa. Sehemu ya tatu hakuinuka mtu. Sehemu ya nne mtoto anamsahihisha mama yake mbele ya wageni, mdomoni kwa upole, moyoni kwa sumu, na muuza mihogo, yuleyule wa miayo, akasema, "Huyu nikimpata mimi!" Alikuwa amerudi. Kapakata beseni lake, mihogo imepoa, hauzi.

Nikatazama mlangoni. Mwenye kibanda alikuwa amesimama, mkono juu ya fremu, anahesabu vichwa.

Sehemu ya tano. Mtoto ana miaka sita, anataka kuonyesha ukubwa wake, anaita moto asiouweza, nyumba inashika. Chumvi ya mwaka mzima inaungua. Anakimbilia msituni, anajibanza kwenye mizizi. Sauti ya moyoni inatetemeka sasa: "Yule mwanamke ataniua. Ana haki. Yule mwanamke anakuja." Na mama anakuja, masizi mwili mzima, anapiga magoti. Haulizi nyumba. Anamshika mikono, anaigeuza, anatafuta palipoungua, anaona, anaitia kwenye maji ya kijito na kuishikilia humo.

Mjukuu wangu akanyamaza.

Nyuma kijana akaanza, "Sau—" na yule jirani yangu mnene akageuka akamtazama, na lile neno likamfia mdomoni. Kilikuwa kimya kirefu, picha inasema yenyewe, maji tu, na mikono minne ndani yake. Nilitaka kuinuka nimfuate kwenye maiki nimwambie sema, watatoka, sema. Nikaikalia mikono yangu.

Halafu sauti ya moyoni, ileile nzito ya mkaguzi, haikuwa ya mtoto, ikasema pole pole: "Mama ameungua mikono."

Sijui nani alianza. Muuza mihogo alijifunika uso na mtandio. Jirani yangu akapiga paja akasema, "Kasema! Kasema mwenyewe, mshenzi huyu, kasema!" na watu wakapiga makofi kama timu imefunga. Mimi? Nililia, nikasema ni moshi. Kibandani hamkuwa na moshi.

Picha ikaisha na hakuna aliyetoka. Walikaa. Mwenye kibanda akalazimika kuwaambia mpira unaanza, jamani, wenye mpira wako nje. Akaja mpaka kwa mjukuu wangu, akasita kwanza, akasema, "Jumapili ni zako. Ila usininyamazie tena bila kuniambia, nimekwenda kukagua waya za spika mara mbili."

"Nitanyamaza panapotakiwa," mtoto akamjibu. Sauti imemkauka, kanywa maji chupa nzima, macho yanawaka. Hakuwa yule wa viganja vilivyolowa.

Wanawake wakamzunguka. Nyumba itajengwa upya? Atakiri kwamba ni mtu mzima? Mama akijua? Na yeye anatabasamu tu, hasemi. Nikamvuta pembeni, mimi ni bibi yake, mimi ndiye niliyempa sauti mbili.

"Niambie mimi tu. Anamwambia mama yake ukweli?"

"Subiri kama wengine, bibi."

"Mimi ni mzee, nikifa kabla?"

"Utazaliwa upya utakuja kutazama."

Nilimtukana tusi la Kalinzi ambalo sitaliandika hapa, na jirani yangu wa chanja akacheka mpaka akashika ukuta wa bati. Jumapili iliyofuata, alasiri haijaadhiniwa, nilikuwa nimeshakaa benchi la mbele na miwani yangu nimeifuta, na kila aliyetaka kunisogeza nilimwambia atafute mahali pengine.